Mashoto, gitaa la kulia, na pikapu iliyolala upande usio wake

Kwanza tuelewane, pikapu ninayoiongelea hapa sio ile inayoshusha nyanya kutoka Mgeta. Ni kile kidude kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ndani kina sumaku na waya mwembamba kuliko unywele umezungushwa maelfu ya mara, uzi wa chuma ukitikisika juu yake unazalisha kaumeme kadogo, hako kaumeme kanaenda kwenye ampi na wewe unasikia gitaa. Sio maiki. Haisikilizi uzi wote, inachungulia kasehemu kadogo tu pale pale ilipofungwa, na hilo "pale pale" ndo limenichukua karibu mwaka mzima kulielewa, tena baada ya kutupa hela kwenye vitu visivyohusika kabisa.

Mimi ni mashoto. Utotoni shangazi alinichapa sana vidole nisile kwa mkono wa kushoto, kwenye kula alishinda, kwenye gitaa hakushinda. Sasa nenda Kariakoo ukaulizie gitaa la umeme la mashoto uone watu wanavyokucheka, muuzaji aliniambia "hilo mpaka uagize kaka, na hela utoe yote". Basi mimi na jamaa yangu tunayepiga naye kwaya tukanunua magitaa mawili yanayofanana, kopi za Stratocaster (Strat kwa kifupi, lile gitaa maarufu la kampuni ya Fender ya Marekani), duka moja, siku moja, lake jekundu langu jeusi. Yeye akalipiga kama lilivyo. Mimi nikaligeuza juu chini, nikatoa nyuzi zote nikazifunga upya ili uzi mnene urudi juu, nikabandua kile kipande cheupe cha kichwani ambapo nyuzi zinapita nikakigeuza nacho. Vishikio vya volyumu vikawa juu, chini ya kiwiko changu, kwa hiyo hata leo nikichangamka kwenye sebene gitaa linazimika lenyewe na kwaya inanigeukia.

Hilo la kiwiko nilishalizoea. Ambalo sikulielewa ni sauti.

Tukichomeka magitaa yetu kwenye ampi ile ile, tukaweka swichi kwenye pikapu ya shingoni, huwezi kujua nani anapiga. Pikapu ya katikati, hivyo hivyo. Lakini tukishuka kwenye pikapu ya briji, yaani iliyo karibu na kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, ile ambayo mpiga solo ndo anaishi hapo, langu linakua gitaa jingine kabisa. Nyuzi zake nyembamba zinakata kama wembe, zangu zimepoa, na nyuzi nene ndo kituko, zake zina mwili, zangu zinalia kama mtu anagonga bati la mabanda ya kuku. Nikasema nyuzi zimechoka, nikanunua nyuzi. Nikasema waya wa jeki mbovu, nikanunua waya. Nikasema basi pikapu yenyewe ni feki (kama vile ya mwenzangu ilitoka mbinguni wakati zimetoka boksi moja), nikaanza kuulizia seti ya pikapu za maana, nikaambiwa laki mbili na themanini, na kusema ukweli nilikua nimeshaanza kuzichanga.

Aliyeniokoa ni mzee wetu wa rizimu. Mzee huyu kapiga bendi za dansi hapa Morogoro enzi ambazo mimi sijazaliwa, ni mtu wa mji wa yule mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe na hawezi kumaliza maongezi bila kukukumbusha. Siku moja tumemaliza mazoezi, nimemwamkia, amekaa anatuangalia tunakunja waya, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ya mwisho hapo kwako mbona imelalia kule na ya mwenzio imelalia huku?"

Nikaangalia. Aisee.

Kama una Strat au kopi yake karibu na wewe iangalie sasa hivi. Pikapu ya shingoni imekaa sawa, imekatiza nyuzi kama vile mstari wa rula. Ya katikati sawa. Ya briji imelala mshazari, upande wa nyuzi nyembamba umesogelea briji, upande wa nyuzi nene umerudi nyuma kuelekea shingoni. Mimi nilipogeuza gitaa na kubadilisha nyuzi, pikapu ilibaki na mshazari wake ule ule, kwa hiyo kwangu uzi mnene ndo umesogelea briji na uzi mwembamba ndo umerudi nyuma. Nilikua nalipiga hivyo miezi tisa na sijawahi kuliona hilo jambo.

Sasa swali likawa, je huo mshazari mdogo vile unaweza kufanya yote haya? Nikachukua tepu ya fundi cherehani nikapima. Uzi mtupu, kuanzia kichwani mpaka briji, una kama sentimita 64.8, ndo kipimo cha Fender na kopi nao wamekifuata. Pikapu ya shingoni ipo kama sentimita 16 kutoka briji, ya katikati kama 10, ya briji kama 4 ukipimia katikati yake. Na ule mshazari, kutoka uzi wa kwanza (mwembamba kuliko wote) mpaka wa sita (mnene kuliko wote), unafanya tofauti ya milimita 9 hivi. Milimita 9! Ni unene wa kidole kidogo cha mtoto. Nikamwambia mzee haiwezekani, akacheka akasema "masikio ni yako".

Basi nikafanya jaribio, na hili nakushauri na wewe ufanye kama una pikapu mbovu mbovu inayozagaa, maana nimejifunza mengi kwenye hilo saa moja kuliko kwenye video zote nilizoangalia. Nilikua na pikapu iliyotolewa kwenye gitaa lililovunjika shingo. Nikaunga nyaya zake mbili kwenye jeki kwa vibanio, nikachomeka kwenye ampi, nikalaza gitaa mezani, halafu hiyo pikapu nikaishika juu ya nyuzi, uso ukiangalia chini, nimeiegemeza kwenye vipande viwili vya mbao huku na huku ili isiguse nyuzi na isipande wala kushuka. Mpwa wangu kazi yake kupiga uzi wa sita mtupu, mimi kazi yangu kuisogeza pikapu taratibu kutoka briji kwenda shingoni.

Mara ya kwanza matokeo hayakueleweka kabisa, kila sehemu inatoa sauti ya ajabu ajabu, mpaka nikagundua kwamba dogo anahamisha mkono, mara anapiga karibu na briji mara anapiga katikati. Mkono nao unabadilisha sauti, tena sana tu, ukipiga karibu na briji uzi unatoka mkali, ukipiga kwa kati unatoka laini, kwa hiyo kama unapima pikapu lazima mkono utulie sehemu moja. Nikabandika kipande cha tepu kwenye gitaa, nikamwambia piga hapa hapa tu. Hapo mambo yakanyooka.

Kwenye sentimita 4 sauti ni nyembamba, kali, na ndogo. Sogeza mpaka 5, sentimita moja tu, na unasikia kabisa kuna mwili umeingia. Sogeza 6, umeongezeka tena. Halafu kadiri unavyokwenda shingoni mabadiliko yanapungua, ukifika kwenye 15 ukasogea mpaka 16 unaweza kukaa hapo unasogeza mbele nyuma na dogo anakuuliza "mjomba tunafanya nini?" maana hasikii kitu.

Hapo ndo nilielewa kwa nini pikapu ya briji peke yake ndo imelazwa na hizi zingine zimeachwa sawa. Karibu na briji milimita 9 ni safari ndefu. Kule shingoni milimita 9 si lolote.

Sababu yake ukiiwaza ni nyepesi. Kumbuka kamba ya kuruka ya watoto wa kike, wawili wameshika huku na huku wanaizungusha. Karibu na mkono kamba inacheza kidogo tu, kati kati ndo inafanya tumbo kubwa. Uzi wa gitaa ni hivyo hivyo, briji ndo mkono, na pikapu iliyo karibu na mkono inaona mtikisiko mdogo. Lakini uzi hauchezi kwa namna hiyo moja tu. Wakati ule ule unacheza kama umegawanyika mara mbili, na mara tatu, na mara nne, na kuendelea, kila mgawanyo una sauti yake ya juu zaidi, hizo ndo wenyewe wanaita hamoniki, na zile zenye migawanyo mingi matumbo yake ni mafupi kwa hiyo hata sentimita chache tu kutoka briji tayari zinacheza kwa nguvu zote. Pikapu ya briji inaona kidogo cha ule mtikisiko mkubwa wa besi na inaona vizuri vile vidogo vidogo vikali. Nimepiga hesabu, ile sauti ya chini kabisa ya uzi mtupu kwenye sentimita 16 ina nguvu zaidi ya mara tatu ya ilivyo kwenye sentimita 4. Ndo maana pikapu nyingi za briji wanazizungushia waya mwingi zaidi na wanazipandisha karibu na nyuzi, ili sauti isipungue ghafla ukibadili swichi katikati ya wimbo.

Na kila mgawanyo una sehemu ambazo uzi umetulia kabisa. Pikapu ikikaa chini ya sehemu hiyo, hiyo hamoniki kwake ni kama haipo. Unataka ushahidi? Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) bila kuukandamiza, piga, achia, utasikia ile sauti ya kengele. Ukiwa kwenye pikapu ya briji inalia vizuri. Hamia pikapu ya shingoni, piga tena. Kwenye Strat karibu inapotea, unabaki na kasauti ka kijinga, kwa sababu sentimita 16 ni kama robo ya uzi na hapo ndo hiyo hamoniki ya nne inapolala. Niliwaonyesha wenzangu kwenye kwaya wakadhani nimechezea volyumu.

Kuna watu hapa wanachukua hilo wanaligeuza dini. Utasikia eti pikapu ya shingoni ya Strat ina utamu kwa sababu ipo pale ambapo freti ya 24 ingekuwepo, sehemu maalumu, ukisogeza tu umeharibu. Sasa jiulize, we unapiga nyuzi tupu tu? Ukikandamiza freti ya 3 uzi unabaki kama sentimita 54.5, hiyo robo imehama na pikapu haijahama. Ukikandamiza freti ya 12 uzi umebaki nusu, pikapu sasa ipo katikati kabisa ya uzi, na hapo hamoniki zote za shufwa, ya 2, ya 4, ya 6, hazionekani, ndo ile sauti ya mviringo kama filimbi unayoipata ukipiga juu kule kwenye pikapu ya shingoni. Kwa hiyo kila freti ina habari yake. Utamu upo lakini hauko kwenye namba 24, upo kwa sababu pikapu ipo mbali na briji, basi.

Turudi kwenye mshazari. Huu haukuanzia kwenye Strat ya 1954, Telecaster, gitaa jingine la Fender, nayo pikapu yake ya briji imelala hivyo hivyo tangu lile gitaa lilipotoka kwa jina jingine mwaka 1950. Leo Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alikua fundi redio pale Fullerton, California, na mimi hilo huwa linanifurahisha kuliko kitu chochote kwenye historia ya hiki chombo. Fundi redio anasikiliza tatizo, hana mapenzi na nyimbo zako. Nyuzi nene zisilie bati, upande wao wa pikapu urudishe nyuma zipate mwili, upande wa nyembamba usogeze kwenye briji zipate ukali. Kwa hesabu yangu hizo milimita 9 zinafanya sauti ya chini ya uzi wa sita ionekane kwa nguvu karibu robo zaidi ya ilivyo kwenye uzi wa kwanza. Sio nyingi. Lakini kwangu ilikua imegeuka, robo hiyo nimemnyang'anya uzi mnene nikampa mwembamba, ukijumlisha pande zote mbili ndo ile tofauti tuliyokua tunaisikia mimi na jamaa.

Bila shaka umeshamkumbuka Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa la roki wa Marekani. Mashoto, anapiga Strat ya kulia iliyogeuzwa, nyuzi zimefungwa upya, yaani gitaa lake lilikua na ugonjwa ule ule wa langu: uzi mnene kwenye briji unalia mkali, mwembamba unalia mnene. Na watu wanaipenda hiyo sauti kiasi kwamba Fender wenyewe wameshatoa Strat ya jina lake, ya watu wa mkono wa kulia, yenye pikapu ya briji iliyolazwa kinyume makusudi. Sasa nikawaza, mbona yeye imemwendea vizuri? Jibu lipo kwenye kazi. Yeye ana ampi kubwa zimefunguliwa mwisho, mlio umekoroma, ukali wa nyuzi nene unamsaidia zisigeuke uji. Mimi napiga solo safi isiyokoroma, mtindo wetu huu, juu kule kwenye uzi wa kwanza na wa pili, sauti inatakiwa itoboe katikati ya kinanda, wanakwaya arobaini na ngoma. Uzi wangu wa kwanza ukiwa mpole nimekwisha.

(Usidhani kila mshazari una maana hiyo lakini. Eddie Van Halen, mpiga gitaa mwingine wa roki, kwenye lile gitaa lake la kuungaunga alilaza pikapu ya Gibson (kampuni nyingine ya magitaa), ile ya koili mbili, na alikua anatafuta tu vichwa vya sumaku vikae chini ya nyuzi, maana nafasi ya nyuzi kwenye briji ya Fender ni pana kuliko pikapu yenyewe.)

Basi nikaamua kuilaza yangu upande wake. Nikafungua plastiki ya mbele nikakuta kwenye mbao wamechonga shimo moja kubwa kama bwawa, kopi za bei rahisi ndo zilivyo nyingi, kwa mara ya kwanza nikashukuru kununua cha rahisi maana sikuhitaji kuchonga mbao. Kazi ikabaki kwenye plastiki. Nikaichora kwa penseli, nikatoboa matundu madogo madogo kwa msumari wa moto, nikaunganisha kwa kisu, nikamalizia na tupa. Tundu la zamani nusu yake limebaki wazi linaonekana, nimeziba na kipande cha plastiki ya ndoo nyeusi, ukikaa mbali huoni.

Na hapo kwenye kupitisha pikapu kwenye tundu jipya nikaikwaruza. Kidogo tu. Nikachomeka, kimya. Nikaweka mita ya kupimia umeme, ambayo jana yake ilikua inasoma kama kilo-omu 6, leo haisomi kitu. Ule waya ni kama milimita 0.06, ukiukata huuoni ulipokatika, nimekaa na tochi ya simu nusu saa nageuza geuza mpaka macho yanatoa machozi. Mwishowe nikaenda kwa kijana mmoja fundi simu karibu na stendi ya Msamvu, ana ile darubini ya kuangalizia bodi, akaiweka chini yake akasema "bro, umekata mzunguko wa juu kabisa, una bahati". Akafumua raundi moja, akakwangua rangi ya waya kwa ncha ya wembe, akalehemu, hajatumia dakika kumi, akanichaji elfu tano. Nikamuuliza kama anajua hii ni nini, akasema ni koili. Hakuuliza ya nini. Fundi redio mwingine huyo.

Nyumbani nikafunga nyuzi. Kabla ya kitu chochote nikarekebisha kimo cha pikapu kwa bisibisi, maana hili nalo watu wanalisahau na ni bure kabisa: kandamiza freti ya mwisho, pima kutoka juu ya sumaku mpaka chini ya uzi, kwa pikapu za aina hii Fender wanasema anzia kama milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa mwembamba, halafu ufuate sikio. Usipandishe ya shingoni kupita kiasi eti upate nguvu. Sumaku inauvuta uzi, nyuzi nene zinaanza kuyumba kama zina pepo, unatuni hautuniki, na unaanza kulaumu masikio ya mwalimu wa kwaya.

Jumapili ile tulipiga na sikumwambia mtu. Pikapu ya briji, uzi wa kwanza, freti ya 12 na kwenda juu, ikatoka ile sauti ya kutoboa niliyokua naitafuta, na nikishuka kwenye uzi wa sita hakuna bati tena. Tofauti sio kubwa kama niliyoiota, nisikudanganye, mtu wa benchi la nyuma hakusikia kitu. Ila mzee wa rizimu aligeuka akaniangalia, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea na kazi yake. Zile hela nilizokua nachanga zimekwenda kwenye ada ya huyo huyo mpwa wangu.

Tatizo sasa ni jamaa yangu. Tangu nimsimulie habari za Hendrix kanunua pedo ya kukoroma (kile kikanyagio cha kukorofisha mlio wa gitaa), na jana kaja na gitaa lake jekundu mkononi anataka nimlazie pikapu ile kinyume kama langu lilivyokua mwanzo. Nimemwambia sawa, ila tutapitia kwanza Msamvu tumuulize yule kijana kama Jumamosi yupo.